Nambari Sitini za Jael

Butali, 3 Februari 2025

Jael mwanangu,

Habari ya Eldoret na wagonjwa wako? Sisi hapa ni wazima, hata ng'ombe amezaa. Lile jipu la titi bado liko, na ngozi imejikunja. Umesema nikutumie picha kwa simu. Hapana! Simu hii wifi yangu Jescah anaishikanga kila siku, na picha ya jirani yetu Mama Griffin akiwa wodini ilizunguka kanisa zima. Hospitali pia siendi kuvuliwa nguo na watu nisiowajua. Afadhali nife na heshima yangu.

Mama yako,
Navalayo

Eldoret, 7 Februari 2025

Mama mpendwa,

Hongera kwa ndama, lakini hayo ya kufa sitaki kuyasikia. Ngozi kujikunja kunanitisha. Ile programu niliyokuwekea Krismasi inafunga ujumbe, wa kuufungua ni wewe na mimi tu. Piga picha ukiwa ndani ya programu hiyo, isibaki kwenye simu. Gusa kile kiduara chenye namba moja: nikiitazama mara moja, inatoweka. Huamini ni mimi? Bonyeza jina langu utaona nambari sitini. Nimeziandika zote nyuma ya karatasi hii. Zikilingana, hakuna mtu katikati yetu. Binamu Simiyu anakuletea barua hii mkononi.

Binti yako,
Jael

9 Februari, kwa simu

Jael, salamu baadaye. Nimezikagua zote sitini kwa biro, moja moja. Zimelingana! Nimejifungia stoo ya mahindi, Jescah anagonga mlango eti anataka chumvi. Nimetuma. Sema basi, mwanangu, naogopa.
Mama

9 Februari, kwa simu

Mama, nimeiona, imeshatoweka. Hilo si jipu. Kesho asubuhi njoo huku hospitalini, daktari mwanamke anakungoja. Nitakuwa nimekushika mkono.
Jael

Butali, 21 Septemba 2025

Jael wangu,

Hujambo, na daktari wako je? Tangu aniambie saratani imetoka yote, ninakula ugali, obusuma halisi, kama mkata miwa! Leo nilisimama kanisani nikasema habari za ugonjwa wangu mwenyewe, kwa mdomo wangu. Wanawake watatu wamenifuata hadi stoo, kila mmoja na simu yake na biro.

Nimekutumia picha nyingine. Niko na gauni jekundu, nacheka meno yote nje. Jescah ndiye aliyeipiga. Hii sikugusa ile namba moja. Onyesha Eldoret nzima!

Mama yako, mzima,
Navalayo