Mvua Ndani ya Sauti ya Shangazi

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua. Mji huu wa Buenaventura na mvua yake! Nimerekodi nyimbo tatu za Shangazi Eufrosina, zile za kumbembeleza Mtoto Yesu, na zote tatu zimeharibika. Magodoro niliyaegemeza ukutani kuzuia mwangwi, kama kawaida, lakini bati linapiga kelele kumshinda. Nilijaribu kuitoa mvua kwenye kompyuta — ikaondoka na nusu ya sauti yake.

Jumatano, 6 Novemba

Shangazi karudi kutoka hospitali. Uvimbe kooni utatolewa Jumatano ijayo. Daktari kasema atapona. Kuhusu kuimba hakuahidi kitu. Mwenyewe anacheka, eti kaimba vya kutosha, sasa na wengine wapige kelele.

Mimi sikucheka. Naogopa. Sauti ile ndiyo iliyokuwa inanilaza utotoni, na sina hata wimbo wake mmoja uliokamilika.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimepiga simu studio moja ya mjini Cali. Wana nafasi Jumanne tu, siku moja kabla ya upasuaji. Chumba kikavu, kimya, maikrofoni ambayo mimi huiona kwenye picha. Bei nisiiandike. Ni pesa yote tuliyoweka ya bati jipya la nyumba nzima.

Marleny alinisikia nikiongea. Akaniuliza kama na mvua inayotudondokea kitandani nitaipeleka studio. Ana haki, mke wangu. Baadaye, akimenya ndizi, akasema nikiikosa sauti ya Shangazi nitanuna mpaka uzeeni, na atakayeishi na huo mnuno ni yeye. Hakusema niende. Ila habari za bati kaziacha.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimelipa.

Jumapili, 10 Novemba

Studio wanarekodi mtu mmoja mmoja: mwimbaji peke yake kwenye kibanda cha kioo, waitikiaji siku nyingine. Nikakubali. Nimekwenda kuwaambia wale kina mama watatu wanaomwitikia Shangazi kwamba wabaki, nitawarekodi hapa mvua ikikatika.

Doña Celmira, mkubwa wao, akaacha kukuna nazi. Akauliza nani atampokea Shangazi wimbo wake. Nikamwambia atasikia ngoma kwenye hedifoni.

"Mwanangu, wewe ulizaliwa hapa au ulishushwa na meli?"

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, nikaondoka. Njiani lile cheko likaanza kunikera. Walikuwa wananionea huruma.

Jumanne, 12 Novemba

Cali. Ukimya wa humu unaziba masikio. Ndicho nilicholipia.

Shangazi yuko kibandani. Aliimba mstari wa kwanza, sauti safi mpaka nikasisimka — halafu, pale pa kuitikiwa, akanyamaza. Akasubiri. Mauricio, fundi wa studio, akamwambia aendelee tu. Akaanza upya. Akanyamaza palepale. Mara ya tatu sauti ikaanza kukwaruza.

Nikabonyeza kitufe cha kuongea naye. "Shangazi, pitiliza tu. Wenzio tutawaweka baadaye."

"Baadaye lini, Yefer? Wimbo nikiutoa, asiwepo wa kuupokea, unanirudia kooni. Na koo lenyewe ndilo hili."

Nikampigia Celmira. Alikuwa tayari kuja, bila hata kunisimanga, na hilo limeniuma zaidi. Lakini kilima kimeporomoka, barabara imefungwa. Mvua tena! Nimeikimbia mpaka huku, bado inanishika shati.

Mauricio anakula empanada yake, sambusa ya huku. Naandika hapa mezani kwake, mikono ipate la kufanya. Nimemuuliza: je, nikiingia nimwitikie mwenyewe? Kaniangalia. Kasema kwenye maikrofoni moja sauti mbili hazitenganishwi. Yangu ikiingia mle, ndiyo imeingia. Hata kina Celmira wakiitikia vizuri namna gani, mimi nitabaki nasikika chini yao.

Na mimi siimbi. Kanisani Marleny hunikanyaga mguu ninyamaze. Nimetoa pesa ya bati niitoe mvua kwenye sauti yake, sasa nijitie mimi?

Muda unakwenda. Nataka kulia.

Shangazi amevua hedifoni, kaitundika kwenye stendi. Analinda koo. Ananitazama tu kupitia kioo. Sasa amesogea kando ya maikrofoni, ameacha nafasi ya mtu mmoja.