Ngiri ya Mjomba

Nambilanje, Jumatatu

Mpwa wangu Daktari Raudha,

Natangaza rasmi, mbele yako na mbele ya Serikali ya Kijiji, kwamba suruali zangu zote zimestaafu. Sasa navaa msuli tu, hata kwenye kikao cha korosho.

Mipango yako nimeisoma mara tatu. Nafasi za kusomea ubingwa wa upasuaji ni nne na waombaji wamejaa, kwa hiyo umejiwekea akiba: ukikosa, utaomba uzazi; ukikosa na huko, dawa za usingizi. Huo wa usingizi naukataa, mimi mjomba wako. Ukishanilaza, nani atanikata?

Maana niliapa kwamba ngiri hii ya kinenani haitaguswa na kisu mpaka wewe uwe bingwa. Ulinijibu kwamba daktari yeyote anaiweza. Jirani yetu Jumanne naye alikwenda kwa daktari yeyote, jina la hospitali silitaji, akarudi amefunikwa shuka. Tangu siku ile hata panga silinoi.

Jana mke wangu Mwantumu aliniuliza, "Baba Swalehe, unangoja ubingwa wa mtoto au unangoja sanda?" Nikamwambia apike uji. Uji wenyewe nimeutapika.

Usihangaike. Jaza fomu zako polepole, miaka mitatu ya masomo si mingi. Barua anakuletea Masoudi wa bodaboda, mpe maji ya kunywa.

Mjomba wako,
Nuhu

Nimesahau: zamani nikilala chali uvimbe wa ngiri ulikuwa unarudi ndani wenyewe. Tangu jana asubuhi haurudi, ile hali uliyonionya nisiilalie hata usiku mmoja.