Keki ya Ndizi na Mandazi Niliyokataa

Nekesa mdogo wangu,

Wewe miguu bado unayo kweli? Tumepanda, tumepalilia, tumevuna, na wewe uko hapo hapo Bokoli, Kitale umeifanya kama ng'ambo. Nikikupigia simu unakata. Nikimpigia mke wa kijana wako anasema ati umeenda kisimani. Kisima gani hicho mtu haendi akarudi? Basi nimeamua kuandika. Anayeshika kalamu ni binti yangu Rosa, maana mimi shule niliiona kwa nje tu, na nimemwambia asinipambie maneno.

Hamjambo huko? Goti lako la kushoto bado linakusumbua? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi ni mzima, na huo uzima ndio habari yenyewe.

Najua kwa nini huji. Ni ile siku ya maombi ya shukrani nyumbani kwako. Uliniwekea sahani ya mandazi, nikaisukuma kwa mgongo wa mkono. Watu wote wakanigeukia. Kwetu ukikataa chakula cha ndugu yako mbele ya wageni, ni kama umesema kimewekwa kitu. Nilikuona ukichukua andazi moja, ukaliuma mbele yangu na machozi machoni, ili watu waone hakuna sumu. Na mimi nikakaa kama gogo.

Ukweli ni huu. Wiki ile daktari alikuwa ameniambia damu yangu imejaa mafuta, na nikiendelea na vitu vya kukaangwa nitaanguka siku moja nisiamke. Sikutaka kusema. Niliogopa kijiji kizima kitakuja kuniimbia nyimbo za matanga na mimi bado nakula ugali. Nikaona heri uaibike wewe kuliko mimi nihurumiwe. Nilikosea, Nekesa. Nisamehe. Rosa, andika hiyo mara mbili. Nisamehe.

Ndiyo nikaletwa huku Kitale, mtaa wa Tuwan, kwa Rosa, niwe karibu na kliniki. Lakini unanijua, chai bila kitu cha kuuma mimi naona kama nimenyweshwa dawa. Kwa hivyo kila tukitoka kliniki Rosa ananipeleka kwa hiyo mikahawa ya kahawa, ile yenye jina moja kila mji, tutafute keki ya mafuta kidogo. Mimi, na leso yangu, nimekaa kwa kiti laini kama mke wa mheshimiwa!

Mkahawa wa kwanza walinipa keki ya pumba za ngano. Nikamwambia msichana aliyeileta, "Mama, hii kwetu tunapatia ng'ombe."

Akacheka mpaka akaweka trei chini. "Shosho, hiyo ndiyo ya afya."

"Afya ya nani? Si imenikausha mdomo!"

Nikaimaliza lakini, maana chakula hakitupwi. Halafu nikakumbuka nilisukuma chakula cha nani.

Wa pili, keki ya karoti. Laini, tamu, nikasema Mungu amenikumbuka. Rosa akasoma karatasi iliyofungia hiyo keki: mafuta kidogo kweli, lakini sukari, woi! Wamefunga mlango huu wakafungua ule. Nikawaachia nusu, na mimi siachi nusu.

Wa tatu ndiyo keki ya ndizi. Nilipouma mara ya kwanza nikafumba macho, Rosa akadhani nimeumwa na jino. Nikaomba mpishi aitwe. Akatoka mama mnene na aproni yake, na kumbe ni wa Sirisia, wa kwetu kabisa! Nikamuuliza, "Mafuta umeficha wapi?" Akaniita bibi kwa lugha yetu, akasema, "Hakuna, kukhu. Ni ndizi zilizoiva mpaka zikawa nyeusi, na maziwa mala, yale yaliyoganda, mahali pa siagi." Tukashikana mikono kama tumezaliwa pamoja. Hizo ndizi nyeusi, Nekesa, si ndizo wewe unawatupia kuku nyuma ya jikoni?

Juzi daktari amepima tena. Mafuta yameshuka. Nimemshukuru Mungu, nimemshukuru Rosa, nimemshukuru hata yule msichana wa pumba. Lakini nilipofika nyumbani niliyetaka kumwambia ni wewe. Nilipomzaa huyu Rosa nikashindwa kuinua kichwa, ni nani alininywesha uji kwa kijiko mpaka nikasimama? Ulikuwa bado msichana mdogo. Hata siku moja sikuuliza umeweka nini ndani.

Msalimie mzee wako, mwambie kofia yake niliiona kwa picha, aitupe. Msalimie mke wa kijana wako, ambaye najua ndiye anakusomea hii, na nimemsamehe ule uongo wa kisima. Mama mchungaji mwambie wazi nilikuwa mgonjwa, awaambie na wengine waliokuwa pale siku ile. Asiwafiche.

Sasa sikiliza. Kabla ya Krismasi uje. Beba ndizi zako, zile nyeusi kabisa, na mala kwa kibuyu. Sufuria iko hapa, makaa ya kuweka juu ya kifuniko yapo. Utaoka wewe, mimi nitakuwa nimekaa tu nikikusumbua. Na ukishaniwekea sahani, usithubutu kuonja kwanza. Ondoa mkono. Nitauma mimi, watu wakiona.

Dada yako anayekungoja,
Nasimiyu