Kibao Chako Sasa Kinaitikiwa na Chupa

Nyemo shoga yangu,

Sikuandikii kukujulia hali. Hali yako naijua, maana hata mimi nilitupia udongo wangu pale kaburini. Nakuandikia kwa sababu nimechefukwa na sina mtu mwingine wa kumwambia. Mama yako nikimwambia anaumia. Mume wangu nikimwambia ananijibu, "Hadija, waache, kila mtu anatafuta riziki." Kwa hiyo sikiliza wewe. Ukitaka kucheka cheka, ukitaka kutema mate tema, huko uliko nadhani hakuna wa kukukataza.

Wimbo wako umevuma. Si kuvuma kwa mtaani tu, nchi nzima wanauimba. Ule ule uliokwenda kuurekodi Dar, ukarudi sauti imekukauka, ukaniambia, "Walipousikiliza walinyamaza, sijui wameupenda au wamesinzia." Kumbe waliupenda. Redio hizi mpya za watu binafsi zinafungua nao kipindi na kukifunga nao. Pale sokoni wauza kanda wametoa spika nje ya vibanda, huyu anaanza, wa jirani anamfuata nyuma kidogo, nikipita katikati nakusikia mara mbili kama umepata pacha. Mabibi harusi wanaingia nao ukumbini. Wimbo wa kuita "Uko wapi mwenzangu?", mtu anaingia nao huku amemkamata mumewe mkono! Nilimshuhudia mmoja kwa macho yangu, pilau likanishinda.

Na jina wamekupa. Malkia wa Soul. Wewe uliyeniuliza soul ndiyo nini, nami nikakujibu kwa uhakika mkubwa kwamba ni muziki wa watu weusi wa Marekani wanaolia huku wamevaa suti. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukasema basi hata mimi ni msoul, suti tu ndiyo sina.

Kinachonitia kinyaa kwanza ni wanavyousifia huo ukimya wako wa katikati ya wimbo. Ngoja nikueleze. Kuna mtangazaji mmoja anaongea kama ana ndizi mdomoni, kila akiupiga wimbo wako lazima autolee mhadhara. "Wasikilizaji, hebu sikieni anavyoita, halafu ananyamaza! Anathubutu kunyamaza! Hiyo ndiyo soul!" Anasema ni ufundi wa hali ya juu. Anasema umetuachia nafasi ya kutafakari. Siku ya kwanza kumsikia nilikuwa nakuna nazi, nilitamani nimrushie kifuu kupitia humo humo redioni. Nafasi ya kutafakari! Nafasi ile ni yangu.

Wao hawajui, na watajuaje? Hawakuwahi kukanyaga mizabibu ya Mpunguzi. Baba alipofariki, nikafika kule mtoto wa mjini, wa mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma, hata mkasi sijui kuushika, nyapara akanipanga na wewe. Wewe upande huu wa mstari, mimi upande ule. Majani yamefumana katikati, hatuonani. Kila mmoja anakata vichala vya upande wake, na kreti tunaisukuma pamoja chini ya miti, kwa hiyo hakuna kutangulia. Ukimaliza mti wako unaita, "Uko wapi mwenzangu?" Nikimaliza wangu nasema, "Nipo, sogea." Ndipo unasogea. Nisipoitika unasimama hapo hapo, hata jua liwe la kupasua kichwa. Shamba zima waliitana hivyo, lakini wewe ukaitia tuni, ukaongeza maneno, na mimi mwenye mkono mzito nikaajiriwa kazi ya kuitika. Ulinitania kwamba wimbo umekuwa mtamu kwa sababu mimi ni mvivu, kwamba ungepangwa na mchapakazi usingepata hata ubeti wa pili.

Halafu akaja huyo Bwana Sudi na manukato yake. Alitusikia kwenye sherehe ya kumuaga binti pale Kikuyu, sisi wawili tukiimba kama tunavyoimba siku zote, akasema anakutaka wewe Dar. Ukamwambia, "Na mwenzangu je? Yeye ndiye anaitika." Akachokonoa meno, akasema, "Kuitikiana ni mambo ya ngoma za vijijini, dada. Mimi nataka sauti moja, sura moja, jina moja. Pakibaki wazi tutaweka kinanda." Ulitaka kukataa, ninakumbuka ulivyonitazama. Mimi ndiye niliyekusukuma kwenye basi, na sijutii, kwa sababu sauti ile haikuwa ya kusikiwa na nyapara peke yake.

Uliporudi ulinieleza kilichotokea. Ulisema, "Hadija, nilikuwa nikiita nasimama. Mwili hautaki kwenda bila wewe. Fundi mitambo akaniambia vizuri sana, tuache hivyo hivyo." Tulicheka wee! Hatukujua kwamba tunacheka kwa mara ya mwisho. Malaria ikakupanda kichwani kabla wimbo haujapigwa hata na redio moja.

Tulikuwa bado tumekaa matanga wimbo ulipopigwa. Redio ya jirani, dirishani, mchana. Tukakusikia. Wanawake wote wakasimamisha vijiko. "Uko wapi mwenzangu?" Mama yako akainuka kwenye mkeka. Yeye naye ni mtu wa mashamba yale, amevuna zabibu miaka mingi kabla yetu. Akatazama huku na huku, akauliza, "Nani anamwitikia mtoto?" Nikafungua mdomo. Nyemo, sauti haikutoka. Hewa tu. Wakanifunika khanga wakidhani nazimia. Tangu siku hiyo sikuimba, si jikoni, si harusini, hata kumbembeleza mwanangu namwimbia kwa mdomo uliofungwa. Watu wanauliza, wewe si ndiye mwenzake marehemu, mbona umekauka? Nawajibu nina mafua.

Sasa nikupe ya kwaya, ucheke kidogo. Unamkumbuka mwenyekiti wa kwaya yenu, yule aliyekusimamisha mbele ya watu kwa sababu umeimba nyimbo za dunia? Aliyesema sauti yako imeingiwa na pepo wa baa? Alihojiwa redioni. Akasema, "Huyu ni binti yetu, tumemlea sisi, kipaji chake kimetoka kwenye kwaya yetu." Akalia kabisa, nasikia. Nilipokutana naye nikamwamkia shikamoo kwa sababu nimelelewa, lakini mkono wake niliushika kama mtu anayeshika dagaa walioharibika. Na wale shangazi zako waliokula wali wa msiba na kuondoka kabla ya kuosha vyombo, kila mmoja leo ana picha yako ukutani. Sijui wamezitoa wapi.

Hayo yote ningeyameza. Chupa ndiyo imenishinda.

Kuna kampuni ya bia, sitaitaja nisije nikaitangaza bure. Wamechukua kipande cha wimbo wako wakafanyia tangazo. Unaita, "Uko wapi mwenzangu?" Unasimama. Na pale pale unaposimama, Nyemo, pale kwenye nafasi yangu, inafunguliwa chupa. Psss! Halafu zinasikika tumbuli tumbuli za mtu anayekunywa, halafu jitu la kiume linapumua, "Aaah." Basi. Hilo ndilo linalokuitikia. Watoto wa mtaa wanaliigiza, mmoja anaita, wenzake wote psss, wanaangua kicheko. Siwalaumu, ni watoto. Lakini mtu mzima alikaa kitini, akafikiri, akaona hilo ni wazo zuri.

Mama yako akaacha kwenda sokoni, maana tangazo liko kila kibanda. Nilidhani bia ndiyo inamuudhi, yeye na ulokole wake. Nikaenda kwake Ipagala kumtuliza, nikaanza kuwalaani watu wa bia. Akanikatiza. "Bia ni shauri yao wanaoinywa, mwanangu. Mimi linaloniumiza ni kwamba amesimama. Anaita, haitikiwi, amesimama juani. Kila siku wanamsimamisha." Nilimsaidia kuteka maji nikarudi nyumbani.

Wiki hiyo hiyo Bwana Sudi akabisha hodi kwangu. Amenenepa, ana simu ya mkononi anayoishika kama kitoto kichanga. Kampuni inafanya tamasha uwanja wa mpira, anasema, tamasha la kukuenzi. Alikuja na kitenge cha njano, mfano wa kile chako cha kuimbia. Akanieleza mpango wake bila haya. "Wewe dada huna haja ya kuimba. Unavaa hiki, unafungua mdomo tu, kanda inaimba. Tukifika kwenye ukimya unainua chupa juu. Mama wa marehemu tunamkalisha mbele, tunamvalisha fulana ya kampuni. Watu watalia, nakwambia!" Alikuwa anatabasamu. Mimi, niliyesoma chuo cha Kurani kwa babu yangu mwenyewe, nisimame uwanjani nimevaa kitenge cha shoga yangu aliyekufa, mdomo wazi kama samaki, nimenyanyua pombe! Nilikuwa naosha vyombo. Nikamwambia atoke na kitenge chake kabla sijammwagia hayo maji. Akatoka kinyumenyume, akisema, "Nyie watu wa huku mnakataa maendeleo. Hili ni soko huria!" Niliposikia lango limefungwa, yale maji nikayamwaga pale alipokuwa amesimama.

Wakapata binti mwingine, wakamleta kutoka Dar na nywele za bandia. Jumamosi mchana magari ya matangazo yakazunguka mji mzima. Mimi nikajifunga ushungi nikaenda kwa mama yako, nikijua kwamba siku hiyo haifai awe peke yake.

Tulikaa uani. Alikuwa anapepeta uwele. Nilifunga mlango wa mbele, madirisha, kila kitu, kana kwamba upepo wa Dodoma unaujua mlango. Spika zile ni kubwa, shoga yangu. Tulisikia ngurumo, tulisikia mshereheshaji akipayuka, halafu ukaja wewe. Sauti yako ikaja juu ya mabati ya watu, safi, kama uko nyumba ya tatu. "Uko wapi mwenzangu?"

Mama akaweka ungo chini akasimama. Na uwanja mzima, maelfu ya watu wazima wenye akili zao, wakafanya psss, halafu wakacheka. Nilisikia kicheko kile kikipita juu ya vichwa vyetu. Chuki niliyoisikia sijawahi kuisikia, ilinipanda toka miguuni. Niliwachukia mpaka wale nisiowajua.

Ukaita tena. Mama alinitazama kama nyapara anavyomtazama mvivu. Nikafungua mdomo nikijua hewa ndiyo itakayotoka.

"Nipo, sogea."

Ilitoka imekwaruza, mbaya, ungenicheka. Lakini ilitoka, na ilipoishia tu, bila kuchelewa, bila kukatana, wewe ukaingia ubeti unaofuata. Ukasogea! Nyemo, hapo ndipo nilipoelewa. Ukimya wanaousifia kwamba ni mrefu, wa kuthubutu, hauna urefu wowote wa ajabu. Umelingana na mimi. Uliniachia muda wote ninaouhitaji, pamoja na uzito wa mkono wangu, ndani ya chumba kigeni, fundi mitambo anakutazama, wewe umesimama unanisubiri nimalize mti wangu.

Nikakuitikia mpaka mwisho wa wimbo. Nililia, ndiyo, na kamasi juu, hakuna soul wala suti. Mama akakaa, akavuta ungo, akaendelea kupepeta. Baadaye akasema, "Sasa amepita." Akaniuliza kama nitakula.

Usidhani hasira zimeisha. Jana nimemwona mwenyekiti wa kwaya nikavuka barabara nisimshike mkono. Bwana Sudi nasikia anatafuta mtoto wa muziki wa kufokafoka aimbe kwenye nafasi yangu, watoe kanda mpya. Waimbe. Watachoka nawe, watapata mwingine, chupa nazo zitapata wimbo mwingine wa kuharibu. Mimi siwezi kuwafunga midomo.

Ninachoweza nakuahidi. Popote nitakapokusikia ukiita nitaitika, kwa sauti. Kwenye foleni ya bucha, kliniki na mtoto mgongoni, hata kwenye harusi ya mtu mbele ya keki. Juzi nimeanza sokoni. Muuza nyanya akaniuliza, "Dada, vipi, mzima wewe?" Nikamwambia mzima, nipimie kilo. Wakisema nimerukwa na akili na waseme. Mama yako ameanza kutoka tena, na yeye anaitika, sauti yake inatisha zaidi ya yangu.

Kwa hiyo lala, shoga yangu. Umesimama juani vya kutosha kwa ajili ya mtu mvivu. Mti wangu mimi bado sijaumaliza, nina mtoto wa kulea na mama yako wa kutazama, nitachelewa. Usinisubiri.

Nipo, Nyemo. Sogea.

Mwenzako wa upande wa pili,
Hadija