Fundo la Kukamulia

Nkome, kando ya ziwa

Kaka Kulwa, shikamoo.

Tangu ziwa hili lijae maji hajatokea mvuvi kama mimi mdogo wako. Ngege wakiona mtumbwi wangu hawakimbii tena. Wanapanga mstari kuingia wavuni, mkubwa mbele, wadogo nyuma, kama sisi tulivyokuwa tukiingia darasani. Ukibisha njoo uone, ingawa najua huji, maana unaogopa hata maji ya lambo.

Mimi ni mzima, sijui nyinyi. Mgongo wa baba unaendeleaje? Mama mpe salamu yangu ya mwangaluka, mwambie nakula mpaka shingo imenenepa, asilie tena jikoni akasingizia moshi. Na mvua huko Kahama imenyesha, au ng'ombe bado mnawapeleka mbali kunywa? Hapa nikimwona mtu anachota maji bila kungoja zamu huwa nacheka peke yangu.

Wasomee wote barua hii kwa sauti, na usiruke maneno magumu kama ulivyozoea. Mimi nilifika darasa la tatu, wewe la pili, kwa hiyo nakuandikia polepole.

Kazi yenyewe iko hivi. Nakaa kwa Mzinza mmoja, Baba Kalekwa, mwenye mtumbwi. Yeye ana nyavu zake, na mimi nilikuja na wavu wangu mmoja, ule wa kitani tulioupata kwa yule mtamba uliyemtoa katika ng'ombe wako wa kumtolea mahari Milembe. Jua likishuka tunakwenda kutega. Kila ncha ya wavu tunaifunga kwa kamba ya jiwe ili maji yasiuchukue, na asubuhi tunautoa. Samaki tunawakausha kwa moshi juu ya kichanja, kisha wachuuzi wa baiskeli wanawapeleka Geita kwa wachimbaji wa dhahabu. Wale watu wanakula kama vile kesho hakuna.

Siku za kwanza nilipopiga kasia mtumbwi ulizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Baba Kalekwa akaniuliza, "Msukuma, hilo ni kasia au fimbo ya kuchungia?"

Nikamjibu, "Baba, usinilaumu mimi. Huu mtumbwi wako haukufugwa vizuri."

Alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo ananiita Mchungaji, na bibi mmoja hapa mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, akadhani mimi ni mtu wa kanisa, akaniomba nimwombee mguu wake. Nikamwombea. Anasema umepungua.

Hata mafundo nimewafundisha. Unalikumbuka fundo letu la kukamulia, lile la kumfunga ng'ombe miguu ya nyuma, akitaka kuanguka unavuta ncha moja tu linafunguka? Nililifunga mbele ya Baba Kalekwa naye akafunga la kwao, nikamaliza yeye bado anazungusha kamba. Aliliangalia sana, akasema, "Ni zuri. Lakini ziwa halikamuliwi." Wazee wana wivu.

Nisalimie dada Doto pacha wako, na shemeji pia. Mwambie shemeji kwamba kambale kama yule aliyejisifia masika yote, huku tunamfanya chambo. Nisalimie shangazi, michembe ya viazi vikavu aliyonifungia ilinifikisha hapa na ikabaki. Nisalimie Milembe. Baba yake usimsalimie bado.

Hapa acha kusoma kwa sauti. Waambie barua imekwisha, nenda zizini umalizie peke yako.

Umefika? Wiki iliyopita Baba Kalekwa alikuwa na homa. Tulipokwenda kutega alikaa tu mtumbwini amejifunika shuka, akaniachia wavu wangu niufunge mwenyewe. Akaniuliza, "Umefunga sawasawa?" Nikasema, "Nimefunga la kwetu, Baba." Akavuta shuka mpaka kichwani. Nadhani homa ilimnyima nguvu za kubishana na mimi.

Usiku upepo ukavuma kutoka upande wa visiwani. Asubuhi nyavu zake zote zilikuwepo. Wangu haukuwepo, hata boya moja. Jiwe langu la upande wa nchi kavu lilikuwa palepale, maji yananifika kiunoni, na kamba yake imelala juu ya mchanga. Haikukatika, kaka. Wimbi lilivuta ile ncha, fundo likafunguka vizuri kabisa, kama linavyofunguka kwa ng'ombe.

Tumezunguka mpaka visiwa vya karibu tukiuliza, hakuna aliyeuona. Baba Kalekwa hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Aliniuliza neno moja tu, "Mwenye mtamba anajua?"

Sasa nampigia kasia kwa mgawo wa samaki. Nilikuahidi kwamba mavuno yakiisha nitakurudishia mitamba wawili. Hata mmoja sitampata kwa wakati huo. Nenda kwa baba yake Milembe umwombe asubiri, uende wewe kabla hajaja kukuuliza, maana mwaka huu kuna yule mposaji mwingine mwenye ng'ombe kamili. Mwambie kosa ni la mdogo wako. Habari ya ngege kupanga mstari usimwambie.

Wavu haupo, kaka, na fundo nililifunga mimi.

Mdogo wako, anayekutii kuanzia leo,
Shija