Bei ya Mchezo Unaongoja

4 Februari

Kaka,

Nina miaka sabini na sita. Nimemzika baba, mama, wake wawili, na daktari aliyesema sitafika sitini. Mimi mzima kama chuma, ukiacha goti. Wewe je, na kikohozi chako? Binti yako hajambo?

Simu uliyomtuma binti aniletee imefika. Niliapa mbele za watu kwamba kinywa changu hakitasema nawe tena, na kwa miaka kumi na tisa kiapo nimekitunza. Ila mkono sikuuapia. Ndiyo maana naandika.

Unaniuliza kama mchezo uliomo una thamani ya pesa yako. Fundi simu jirani na kibanda changu, mama mwenye mdomo, alinitajia bei nikakaa chini. Pesa ya kubandika soli jozi mbili! Soli yangu inatembea miaka. Hii drafti ya kwenye kioo hata kete huwezi kuigonga ikalia. Na mama fundi anasema upo wa bure, ubao uleule! Kaka, tangu utoto wewe ni mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hata hivyo nimesogeza kete ya kwanza, usije ukasema nimekimbia.

Mdogo wako, asiyewahi kufungwa na mtu.

15 Februari

Mdogo wangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, mbaya vilevile. Goti lipe mafuta ya moto. Kikohozi changu kimehamia kifuani na kimejenga kabisa. Binti anakuamkia.

Ule wa bure naujua. Usiposogeza siku tatu, unakukatia, unaandika umeshindwa. Nikamwambia binti, huyu ninayemjua mimi anaweza kukalia kete moja wiki nzima kama kuku wa mayai, ninunulie unaongoja. Basi ndicho nilichonunua, subira. Sema sasa kama nimeibiwa.

Hujawahi kufungwa? Na ubao wa baba siku ile ulipinduka wenyewe?

Kaka yako.

13 Machi

Kaka,

Pole na kifua. Goti limesikia mafuta.

Ubao wa baba ulipinduliwa na upepo. Nilisema siku ile na nasema leo. Ulicheka mbele za watu kana kwamba umeshinda, nami nikaapa, na nilikuwa na haki.

Nimekula kete zako mbili asubuhi, umeona? Nusu ya mtaa imesikia kelele zangu. Bado nasema bei ni wizi.

Mdogo wako.

2 Aprili

Baba mdogo, shikamoo. Mkono ni wangu, maneno ni ya baba. Anasema:

Mdogo wangu, ni wiki ya tatu zamu ni yako. Tarehe ishirini wananipasua kifua. Nataka tumalize kabla. Sogeza. Ukifungwa umefungwa, dunia haipasuki.

Kaka yako.

10 Aprili

Kaka,

Salamu kwako, kwa binti, na kwa hao wenye visu.

Sisogezi. Nimebakiwa na kete tatu, na moja tu ina njia. Nikiisogeza unazila zote kwa mkupuo na mchezo umekwisha. Baba alisema nini? Mchezaji haondoki barazani mchezo haujaisha. Basi kaa hapo. Pasuliwa, amka, ndipo nisogeze. Mwenyewe umesema mchezo huu unangoja.

Mdogo wako.

9 Mei

Kaka,

Salamu sijui niiandikeje. Afya siulizi.

Binti yako alipiga tarehe ishirini na moja, nikapokea: hukuamka. Anasema ulishika simu mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, ukamwuliza, "Amesogeza?" Akakwambia bado. Ukacheka. "Mbishi yule," ukasema, ukampa simu aishike.

Siku kumi na saba simu yangu nilikuwa nimeizima. Jana nilimwambia mama fundi aiwashe. Nikasogeza. Kioo kikaandika: zamu ya mwenzako. Nikakaa pale mpaka chai ikapoa. Mama fundi akainama kukitazama kioo. Akasema, "Mzee, huu utakaa hivyohivyo."

Ule wa bure ungengoja siku tatu, kisha ungeniandika mshindi. Ningeitupa simu mtaroni. Huu hauniandiki.

Uliuliza thamani. Kaka, hukuibiwa. Ulininunulia subira, nami nikaitumia kukunyima kete moja.

Na upepo haukuwapo. Ni mkono huu, huu unaoandika. Ulikuwa unanila tatu, kama sasa. Basi umenifunga mara mbili.

Watu wakibisha, waulizwe hawa. Mama fundi ameuona ubao. Binti yako anayo simu yako, na nimemwomba asiiguse kete. Na yule muuza magazeti aliyetutazama miaka kumi na tisa iliyopita bado yu hai. Anasema siku ile hata karatasi zake hazikutikisika.

Mdogo wako.