Gauni Ulilolishona la Kwanza

Munywani wangu,

Nakuandikia bila kujua uko wapi. Wengine wanasema Kisumu, wengine Mwanza. Kama mkono wako haujapona, jua kwamba naufikiria kila ninaposhika jembe.

Unakumbuka siku tuliyokula kahawa kwa mjomba wako, kule Ijuganyondo? Mimi Mkatoliki wa Ijumbi, wewe Mwislamu, fundi cherehani, mtoto wa mtu wa pwani na mama Mhaya. Mjomba alituchanja tumboni, kila mmoja akameza punje ya kahawa iliyopakwa damu ya mwenzake, tukaanza kuitana munywani, ndugu wa damu. Katekista wetu alininunia mwezi mzima kwa huo upagani. Nilimcheka.

Kisha ikaja ile Krismasi. Tangu Novemba maduka ya Bukoba yalikuwa yametundika poplini barazani kama matumbo ya ng'ombe buchani. Kijijini mtu haulizwi tena kama ameungama, anaulizwa ameshona nini. Binti yangu alilia kwamba hawezi kwenda kumwona Mtoto Yesu na gauni la mwaka jana. Mtoto Yesu mwenyewe alilazwa kwenye hori la ng'ombe, lakini nani angemwambia hayo? Nikakuletea kitambaa.

Asubuhi ya mkesha nilikuta watu wamekuzingira kwenye cherehani yako. Ulikuwa umepokea kazi nyingi kupita uwezo wako, ukawaomba wasubiri hadi sikukuu ipite. Mmoja akapaza sauti kwamba Mwislamu ametuharibia Krismasi makusudi. Mwingine akanigeukia na kuniuliza kama niko na Wakristo au niko na huyu. Ukanitazama.

"Munywani, ngoja nikwambie," ulisema.

Nilikupiga kabla hujamaliza. Fimbo yangu ndiyo iliyotangulia. Ilikupata kwenye kifundo cha mkono wa kulia, nikausikia mfupa ukivunjika, na baada ya hapo kila mtu alijiona ana ruhusa. Walikukanyaga. Walikubamiza uso kwenye cherehani mpaka meno yakatoka, wakakuburuta hadi mtaroni, na yule mwanakwaya wetu mwenye sauti nzuri kuliko wote akakukalia kifuani akikupiga ngumi. Nilipoingia ndani kutafuta kitambaa changu nikalikuta gauni la mwanangu limekwisha, limepigwa pasi, limekunjwa. Ulilishona la kwanza.

Alilivaa. Tuliimba amani duniani, na damu yako ilikuwa bado kwenye kucha zangu.

Mbele ya mukungu, mkuu wetu wa kijiji, nilishika Biblia nikaapa kwamba ulianguka mwenyewe ukikimbia. Mukungu, Mkristo mwenzangu, hakuniuliza swali la pili. Shahidi wako alikuwa jirani yako wa msikitini, na neno lake halikufika popote. Hivyo ndivyo dini yangu ilivyokushinda kwenye shauri, nawe ukapanda meli mkono umefungwa kwa shuka. Naona aibu mpaka leo.

Krismasi hii iliyopita nilisimama kanisani wakati wa matangazo, nikasema ni mimi niliyempiga fundi, tena niliapa uongo. Padri akaniambia nikae, mambo hayo ni ya kitubio. Sikukaa. Wakanitoa nje wale wale, na nguo zao mpya, wakanipiga kwenye nyasi mpaka jicho la kushoto likafumba. Halijafumbuka tena. Mke wangu anasema nimejitakia. Ni kweli, na wala sijapata nafuu yoyote, maana hata wangenipiga mara kumi mkono wako usingenyooka.

Nilitaka kukuomba urudi. Nimeliandika neno hilo mara mbili na mara mbili nimelifuta. Mjomba wako bado yupo, na shamba langu lina ndizi za kututosha sote wawili. Ukiamua kuja, njoo mwezi wowote, hata usiku nitakufungulia. Ila Desemba, ndugu yangu, kaa mbali na sisi.

Ndugu yako wa damu,
niliyekupiga wa kwanza